Vita vya Kipindi cha Nne

Mwaka mzima na nusu tulichapwa kwa ajili ya watu waliokufa. Warumi wenyewe walishageuka vumbi zamani, lakini mwalimu wetu wa kwanza wa Kilatini, mzee mwenye kikohozi na fimbo iliyong'arishwa kwa mafuta, alitutandika kana kwamba sisi ndio tuliowaua. Kosa moja, fimbo moja. Kumcheka mwenzako anapochapwa, mbili, na hizo mbili nilizizoea kuliko chakula.

Na hatukuwa mbumbumbu. Darasa letu la kidato cha tatu lilikuwa la watu thelathini na mmoja waliochujwa kwa mtihani, na walimu wengine walituogopa kidogo. Kikokotoo, aliyekaa mbele yangu, alizidisha tarakimu tatu kwa tatu kichwani huku anapenga kamasi. Binamu yangu wa kike, Nyundo, aliwahi kumsahihisha mwalimu wa fizikia ubaoni, na mwalimu akasema asante. Mimi naitwa Redio, na ukiendelea kusoma hutauliza kwa nini.

Basi siku ya mtihani wa muhula tulirudisha karatasi thelathini na moja nyeupe pe, majina tu juu. Mzee akatupanga mstari nje ya darasa akaanza kazi. Alipommaliza mtu wa ishirini na sita kifua kikambana, akakaa kwenye ngazi anapumua kama baiskeli inayotoka upepo, na hakurudi tena kazini. Wale watano waliobaki hatujawasamehe mpaka leo.

Badala yake akaja Sindano. Jina hilo tulimpa dirishani, kabla hajafika mlangoni: mwanamke mwembamba, mrefu, kichwa kidogo. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba hatutafungua mdomo, hata akituuliza majina. Akaingia na mkoba wa kitambaa. Fimbo hana. Hakusalimu. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Caput demitte," na kabla sijajua kama huo ni ugomvi au salamu, soksi kuukuu iliyojaa unga wa chaki ilinipata usoni. Paf! Nilikohoa mawingu.

"Nimekwambia uinamishe kichwa," alisema. "Ungenielewa, ungekuwa safi." Akatoa soksi ya pili mkobani. "Caput demitte!"

Vichwa thelathini na moja vilishuka chini ya madawati kwa mpigo.

"Hivyo ndivyo. Hapa amri ikitoka kwa Kilatini, mwili unatii kwanza, kamusi baadaye."

Sijui alijuaje kwamba tulichokuwa tunakosa ni vita. Nyuma ya maabara kulikuwa na rundo la madawati mabovu. Wiki hiyohiyo tulivunja vifuniko vyake, tukapigilia mikanda ya zamani kwa ndani iwe vishikio, tukapata ngao. Silaha ni soksi za chaki. Ukipakwa mkononi, mkono umekatika, unauweka mgongoni. Ukipakwa kifuani umekufa, unalala chini, na hufufuki mpaka usome na kutafsiri sentensi nzima bila kosa ukiwa hapohapo sakafuni, wenzako wanakukanyaga. Upande wa madirisha lilikuwa jeshi langu. Upande wa mlango lilikuwa la Nyundo.

Amri zilianza fupi. Inueni ngao. Songeni. Simameni. Kisha zikarefuka. Sindano alikuwa anaandika ubaoni sentensi ya mistari minne, kitenzi kimejificha mwishoni kama mwizi chini ya kitanda, na jeshi lililokifikia kwanza ndilo lililopiga kwanza. Wengine wanabaki wamesimama wanakodoa macho, na ngao inawakuta hapo. Nimewahi kugundua maana ya neno "isipokuwa" nikiwa hewani.

Watu walianza kusoma Kilatini chooni. Kikokotoo alimaliza kitabu cha mwaka mzima kwa wiki tatu kwa sababu alikuwa amechoka kufa.

Nyumbani mama alikuwa akitukagua tunapovua sare. Mama yangu hufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, hakuna alama ya mwili asiyoijua. Nyundo anaishi kwetu. Baba yake ni kaka wa mama, dereva wa lori.

"Nyie mnasoma au mnafukuza wezi?"

"Tunasoma, Shangazi," Nyundo alijibu.

"Somo gani linaacha alama ya kiatu mgongoni?"

"Kilatini," tukasema pamoja.

"Na hiki kiatu ni cha nani?"

"Changu," alisema Nyundo, kwa fahari ya mtu anayeonyesha cheti.

Tulipigana kwa moyo mmoja, ndiyo, lakini tulipigana kweli. Viwiko vilipita chini ya ngao. Vibanzi vya mbao viliingia mapajani. Mwezi wa pili Kikokotoo aliweka mkono pasipostahili, ngao mbili zikakutana juu yake, na kucha ya kidole cha kati ikatoka nzima, ikabaki imening'inia. Alilia kwa Kilatini. Sisemi mzaha, alitaja viungo vya mwili vyote.

Mkuu wa shule alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole mwenye viatu vinavyolia anapotembea, kwa hiyo huwa unasikia upole wake ukija kutoka mbali. Nyuma yake alikuja mwalimu wa nidhamu, tunayemwita Mjeledi, na kipande chake cha mpira wa kumwagilia maua, urefu wa mkono, kimekunjwa kwapani kama gazeti.

"Mwalimu," Mkuu alimwambia Sindano mbele yetu, "alama zao nimeziona, sijawahi kuona kama hizo. Na kidole nimekiona. Ijumaa kipindi cha nne nitakaa hapa nitazame. Nikiridhika, utaendelea. Nikiona tone moja la damu, somo hili linakwenda kwa mwenzako hapa, na wewe unakwenda kwenu."

Mjeledi alitutabasamia. Zamani alisoma Kilatini miaka miwili, alisema, na alichokumbuka zaidi ni jinsi alivyofundishwa.

Usiku ule tulijua kinachotakiwa: Ijumaa moja bila damu, basi. Sindano naye alijua. Alituletea matambara, tukaviringisha kingo zote za ngao, nene kama shingo ya mtu aliyevaa skafu. Akaweka sheria mpya: ngao inasukuma kwa ubapa. Atakayepiga kwa ukingo, jeshi lake lote limekufa.

Ijumaa ikafika. Tulijipanga kwenye korido, majeshi mawili, ngao mkononi, tunasubiri Mkuu akae. Ukuta wa korido umepakwa rangi ya mafuta mpaka usawa wa bega, na juu ya hapo ni chokaa, na mimi nilikuwa naichora chokaa kwa kucha. Nikiogopa huwa nasema. Nisipoogopa pia huwa nasema.

"Mtoto wa shangazi," Nyundo alinong'ona kutoka upande wa pili, "leo nitakupaka chaki mpaka mama yako akupige pasi pamoja na mashuka."

"Kwa mkono huo? Si unatetemeka huo."

"Unatetemeka kwa huruma."

Majeshi yote mawili yalimcheka nani? Mimi. Sasa hilo mtu kama mimi hawezi kuliacha likapita. Nilitafuta kicheko kikubwa zaidi, nikakipata mahali ambapo sikupaswa hata kuchungulia.

"Jeshi lako lote litakimbia," nikasema, kwa sauti ya kutosha korido nzima. "Kwenu ndiyo desturi. Mtu anaaga kwamba anakwenda kununua tairi, haya, mwaka wa sita huu. Tairi gani hiyo, inachongwa kwa mkono?"

Mmoja akapasuka, halafu wote, hata wa jeshi lake. Nyundo hakucheka. Hakulia pia. Aliinama juu ya ngao yake akaanza kulifungua lile tambara la ukingoni, polepole, mzunguko kwa mzunguko, kama nesi anayefungua bendeji. Nilimwona. Nikajiambia analikaza upya.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu alikuwa amekaa nyuma ya darasa, madawati yamesukumwa pembeni, Mjeledi amesimama kando yake. Sindano alikuwa mbele, chaki mkononi. Aligeuka akaandika sentensi ndefu ubaoni. Niliiona jinsi inavyokwenda: ikiwa adui ni wachache, upande wa madirisha usimame imara, lakini ikiwa wanalingana nasi, basi upande wa mlango, kabla haujashambuliwa, ufanye nini, ufanye nini...

Nyundo alikifikia kitenzi kabla yangu.

Walikuja wakipiga kelele. Ubao kwa ubao, mlio kama wa ghala linaloanguka. Kikokotoo alirushwa juu ya meza ya mwalimu. Soksi zilipasuka, unga ukajaa, watu wakawa vivuli vyenye viwiko. Nilimpaka mmoja kifuani, nikamsukuma wa pili akaangukia wa tatu, nikainua kichwa kutafuta kicheko changu kilichofuata, na Nyundo akatokea katikati ya vumbi. Ngao yake haikuwa imesimama wima. Ilikuwa imelala bapa hewani, kama mtu anayesukuma sinia, na ukingo mtupu wa mbao ulinijia mdomoni kwa nguvu zote za miaka sita.

Nilisikia kabla sijaumia. Ni sauti ya kikombe kinachovunjika, ila kikombe kiko ndani ya kichwa chako. Nikaanguka chali. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka kwa ndani, na jino langu la mbele lilikuwa limelala juu ya ulimi, dogo, lenye mzizi, na damu ikapanda kulifunika, ya moto, yenye ladha ya sarafu.

Nyundo alipiga magoti juu yangu. Hasira ilikuwa imeshamtoka yote usoni, amebaki mtoto.

"Redio," alinong'ona. "Mungu wangu. Redio, fumba. Fumba!"

Nilifumba. Akakamua soksi yake usoni pangu, midomo na kidevu vikawa vyeupe kama vya maiti yeyote mwingine pale sakafuni. Vumbi likashuka. Jeshi la mlango lilikuwa limeshinda. Mkuu alipiga makofi, pa, pa, pa, mtu mzima amesahau umri wake.

"Nasikia wafu wa hapa hufufuka kwa kusoma," alisema. Viatu vyake vikalia mpaka kichwani pangu. "Huyu amekufa vizuri kuliko wote. Huyu afufuke."

Alifungua kitabu mahali popote akakishusha mbele ya macho yangu. Agricola, cum bovem vendidisset, domum laetus rediit. Sentensi ya mtoto wa kidato cha kwanza. Ningeitafsiri usingizini. Tatizo ni kwamba usingizini sina damu mdomoni. Nikifungua, Sindano kwao. Nikikaa kimya, Mkuu ameona vurugu tupu isiyofundisha kitu, na bado Sindano kwao.

Nikameza. Damu kwanza, mafunda mawili. Halafu jino. Lilisimama kooni kidogo kama mgeni asiyejua chumba chake, kisha likashuka.

"Mkulima," nikasema. Jaribu wewe kusema "mkulima" wakati mdomo wako umegawanyika. "Alipokwisha kuuza ng'ombe wake. Alirudi nyumbani. Ana furaha."

"Kwa sauti, kijana. Unanong'ona kama mgonjwa."

Nikameza tena. Nikasema tena, yote, kupitia tundu la ukubwa wa ufunguo.

"Sahihi kabisa!" Mkuu aligeuka kwa Mjeledi. "Umeona?"

"Nimeona, Mkuu. Na nimesikia. Huyu ndiye Redio. Tangu nimjue hajawahi kusema sentensi moja akaishia hapo."

"Watoto hukua," alisema Mkuu, na akaanza kwenda mlangoni. Hongera zake alikuwa anazitoa bila hata kugeuka: mwalimu, nimeridhika, tutaongea Jumatatu, endelea, endelea. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

Ndipo Sindano akanitazama. Nadhani chaki ya kidevuni ilikuwa imeanza kugeuka waridi. Aliutazama mgongo wa Mkuu. Akanitazama tena. Nilitikisa kichwa: hapana, Mwalimu, hapana, bado hatua mbili tu.

"Aperi os," alisema Sindano.

Fungua mdomo. Sikuamua. Miezi miwili alikuwa amenifundisha nisiamue. Taya lilishuka lenyewe, na vyote nilivyokuwa sijavimeza vikamwagika kifuani, shati likawa jekundu mpaka mkanda.

Mkuu aligeuka. Kisha akauliza, kwa upole uleule, "Nani?"

"Mimi," Nyundo alisema, na alikuwa hajafunga mdomo Mjeledi alipomfikia. Mpira ule haulii kama fimbo. Unatoa mlio mzito, kama mtu anayeangusha gunia. Wa kwanza mgongoni. Wa pili nyuma ya magoti, akaanguka. Wa tatu ulitua kwenye mkono wa Sindano, kwa sababu alikuwa ameshaingia katikati.

"Kosa ni la anayetoa amri," alisema.

Mjeledi alikuwa ameshika kasi yake. Wa nne ulimpata Sindano shingoni. Wa tano begani. Hakuinua mkono kujikinga wala hakusogea, alikuwa amemfunika Nyundo kwa gauni lake lililojaa chaki, na kila mpira ukitua, unga ulipaa.

"Basi!" Mkuu alipiga kelele. Hatukujua kama anayo sauti ile. "Basi, nimesema!" Alishika ukuta. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mwalimu, kusanya vitu vyako."

Ni Sindano aliyenipeleka zahanati, shingo yake imevimba mstari. Alinishikia beseni huku tabibu akinishona nyuzi saba. Kabla ya sindano ya ganzi kunishika sawasawa, nilimuuliza kwa herufi nilizobakiwa nazo: kwa nini? Si alikuwa anatoka?

"Ungemeza mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kengele."

"Na Jumatano akivunjwa mwingine pua, naye ameze? Kwa ajili yangu?" Alinifuta kidevu kwa nguvu, kama mtu aliyekasirika. "Sikuja kuwafundisha kumeza meno."

Jioni mama aliloweka shati kwenye maji baridi, kwa sababu damu haipendi ya moto, akayabadilisha mara tatu. Kisha akasema ningekuwa mdogo kidogo angenimalizia meno yaliyobaki. Korido nzima ilikuwa imeshampa habari ya tairi. Nyundo alikaa ukingoni mwa kitanda changu, ubavu kwa ubavu na dirisha, kwa sababu mgongo haukuegemeka.

"Nimekaa nasubiri useme samahani ndipo na mimi niseme yangu," alisema, "halafu wewe umeshonwa. Hata hapo umenipunja."

Nilichukua daftari nikaandika: mimi ndiye niliyeanza. Alisoma, akaandika chini yake: najua. Hatukuongeza.

Jumatatu kipindi cha nne Mjeledi aliingia na kitabu na mpira. Ngao zilikuwa zimeshachomwa. Ilichukua nusu saa sisi kugundua jambo moja: hajui. Miaka ile miwili ilikuwa imemtoka yote. Hakuweza kutofautisha jibu zuri na bovu, kwa hiyo alipima kitu pekee alichoweza kukipima, yaani kama umesita. Ukisita, mpira. Ukijibu haraka, kaa.

Kikokotoo alikuwa wa kwanza kuelewa. "Mfalme anapika viatu vya dada yake," alisema kwa mkupuo, na sentensi ilihusu daraja.

"Vizuri. Kaa. Anayefuata!"

Anayefuata alisema meli imeolewa. Vizuri, kaa. Kufikia Jumatano darasa zima lilikuwa linamwaga upuuzi kwa kasi ya mvua ya mawe, bila hata kutazama kitabu, na hakuna aliyechapwa. Ungedhani ningefurahi. Kwa mtu wa aina yangu hiyo ilikuwa pepo, ila nilikuwa nimeshonwa, natazama tu.

Na nilichotazama ni Nyundo. Akiitwa, alisimama, akaisoma sentensi mpaka mwisho kutafuta kitenzi, akarudi mwanzo. Mjeledi alihesabu mpaka tatu akampiga. Yeye akamaliza kufikiri, akatoa jibu sahihi, akakaa. Kila siku. Mikono yake ilikuwa haikunjiki kushika kijiko. Mama alikuwa anamsuka nywele na kumpaka dawa.

"Sema chochote tu, mjinga wewe," Kikokotoo alimsihi koridoni. "Sema ng'ombe ameruka! Yeye atajuaje?"

"Mimi najua," Nyundo alisema.

Nyuzi zangu zilitolewa Jumatatu iliyofuata, asubuhi. Kipindi cha nne Mjeledi alizungusha macho, akaniona, akacheka.

"Redio! Wewe ndiye mwenye kasi humu. Ukurasa wa themanini, mstari wa kwanza."

Darasa liligeuka kunitazama, tayari limeshaanza kutabasamu, linasubiri ng'ombe wangu aruke juu kuliko wote. Nilikuwa nao kumi ulimini. Nilisimama nikashika kitabu. Sentensi ilikuwa ya mistari mitatu, ya watu waliokuwa wakivuka mto, na katikati palikuwa na neno ambalo sikulijua.

"Moja," alisema Mjeledi.

Nilianza kulitafuta kitenzi.

"Mbili. Betri imeisha?"

Kilikuwa mwishoni, kama kawaida yao. Nikarudi mwanzo.

"Tatu," alisema Mjeledi, akainua mpira. Nikaendelea kufikiria.